Merikebu Nyeusi Kama Mkaa

4 Februari

Mdogo wangu,

Naanza na salamu, maana nisiposalimia utasema kustaafu kumeniharibia adabu. Sisi huku wazima. Shemeji yako mgongo umemwachia, sasa analalamikia goti. Mpwa wako mkubwa amehamishiwa kazi karibu nasi. Kila Jumapili anakuja kula, na Jumapili nyingine anaondoka na sufuria yangu moja. Zimebaki tatu. Nasubiri habari za wifi yangu, za watoto na za karakana.

Sasa nisikilize. Unajua nimeaga kazi. Miaka thelathini na minne katika wodi ya wazazi, nimepokea watoto mpaka nikaacha kuhesabu. Wenzangu wakanifanyia sherehe, zikatolewa hotuba, nikalia kidogo, kisha wakanikabidhi boksi kubwa lenye picha ya merikebu. Milingoti miwili, matanga meupe, kamba kila mahali. Nikasema ahsanteni, nitaiweka juu ya kabati la vyombo.

Nimefika nyumbani, nimefungua boksi, hakuna merikebu! Kuna njiti. Njiti tupu, mdogo wangu, mafungu kwa mafungu kama za kuwashia moto, na vibao vyembamba kama biskuti, na uzi, na kijitabu. Merikebu unaijenga mwenyewe. Shemeji yako alicheka mpaka akalishika lile goti. Akasema, "Mke wangu, hiyo rudisha dukani, huiwezi." Kabla hajasema hivyo nilikuwa nakusudia kuirudisha. Sasa nitaijenga, hata ikinitoa roho.

Wewe ni seremala. Niambie nianzie wapi, nitumie gundi gani, kisu gani. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako ina wiki tatu haipokelewi, na hata ilipokuwa ikipokelewa nilikuwa nasikia msumeno kuliko nilivyokuwa nakusikia wewe.

Dada yako


20 Februari

Dada, shikamoo.

Na shemeji shikamoo, pamoja na goti lake. Hapa hatujambo. Wifi yako amesimama mlangoni, anasema nisisahau kuandika kwamba anakusalimu, basi nimeandika. Binti yetu wa mwisho amemaliza mitihani, analala mpaka saa nne asubuhi kama aliyejenga reli. Simu nimeifungia kabatini. Siku hizi wanazitengeneza kwa ajili ya sisimizi, vitufe kama ufuta. Barua ina heshima yake.

Karakana ipo. Kazi nimezipunguza kidogo, kwani mtu mmoja hawezi kuwatengenezea vitanda watu wote duniani.

Sasa kuhusu njiti zako. Dada, kwa heshima zote: nina miaka ishirini na nane ndani ya mbao. Nimetengeneza milango ya nyumba ambazo wenyewe wameshazeeka na milango bado mizima. Lile kabati la ofisi ya mwalimu mkuu lilibebwa na wanaume sita, na mmoja wao hajarudi sawa mpaka leo. Kimerikebu cha kuweka juu ya kabati la vyombo ni kazi ya kufanya huku unangoja chai ichemke. Lakini kwa kuwa umeniuliza, nitakuelekeza.

Gundi tumia ile nyeupe ya mbao, na uitie kidogo. Gundi si uji. Kisu kiwe kikali, msasa uwe laini. Anza na ule uti wa chini unaoitwa mkuku. Juu yake unasimamisha mbavu, zinaitwa mataruma, na zisimame wima kama askari mbele ya mkubwa wao. Ukishaweka mbavu, ndipo unazivisha zile mbao nyembamba ubavuni. Basi, umemaliza. Mengine ni kamba.

Halafu, hivi kwenye boksi pameandikwa namba gani? Nauliza kwa kutaka kujua tu.

Mdogo wako, fundi


11 Machi

Mdogo wangu fundi,

Marahaba. Barua yako imefika. Uliiandika ukiwa juu ya baiskeli? Huku tu wazima isipokuwa meza ya kulia chakula, ambayo sasa ni kiwanda cha merikebu. Tunakula tumepakata sahani. Sufuria zimebaki mbili.

Namba ya boksi ni 407. Sijui unaitakia nini, lakini umeipata.

Mkuku nimeuweka. Mataruma ni kumi na moja, mawili yamevunjika, nimeyaunga kwa gundi na maombi. Siku moja niligandisha kidole gumba na cha shahada, nikakaa nusu saa kama mtu anayeonja chumvi. Mbao za ubavuni unaziloweka katika maji ya moto zilegee, unazipinda, unazibana mpaka zikauke. Sina vibano vya kiseremala, kwa hiyo nimechukua vya kuanikia nguo. Shemeji yako alikuta mashati yake yamelala chini ya kamba kama walevi. Aliyaokota moja moja akinitazama.

Basi nikapata moto. Nilivyoona inakubali, nilikaa siku nzima nikajaza ubavu wa kulia wote, kuanzia juu mpaka chini. Niliamka asubuhi nikiimba. Nimefunua kitambaa: merikebu imepinda kama ndizi! Nimewahi kumpokea mtoto mwenye shingo upande, lakini yule alinyooka baada ya wiki mbili. Hii kila siku inazidi. Nimekosea wapi? Nijibu upesi, shemeji yako ameanza kuiita "tunda."

Dada yako


9 Aprili

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa, shughuli zilinizidi. Sote wazima. Kidole gumba cha kushoto kina kajeraha, patasi iliteleza, si kitu. Binti yako amepata kibarua dukani na sasa anaamka saa moja, nyumba nzima imeshtuka.

Ndizi yako ni kwa sababu umejaza upande mmoja. Mbao zikikauka zinavuta, zikivuta zinapinda. Unaweka moja kulia, moja kushoto, kama mtu anayevaa viatu. Bandua nne za juu kwa mvuke wa birika, halafu ujaze kushoto upande uvute nao. Haitanyooka kabisa lakini itapunguza aibu.

Na uwe mwangalifu na ukurasa wa nne. Ule mshale wameuchora kinyume, taruma la tisa linatazama mbele, si nyuma. Mtu akiufuata mshale atajikuta na merikebu yenye kibiongo. Pia katika lile fungu la njiti nyeusi za sitaha wamepunja mbili, usijisumbue kuzitafuta chini ya kochi.

Haya ni mambo ambayo fundi anayajua kwa uzoefu tu.

Mdogo wako


17 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu kwa wote. Shemeji yako anakula vizuri, analala vizuri, goti liko pale pale. Leo sina habari nyingine za nyumbani kwa sababu nina haraka ya kukukamata.

Uzoefu! Nimekwenda kuzihesabu njiti nyeusi. Kijitabu kinasema ishirini, ziko kumi na nane. Ni kweli mwezi uliopita nilizitafuta chini ya kochi saa nzima, nikapata kijiko na jino la bandia la shemeji yako. Lakini mimi sikukuandikia habari za kochi. Ukurasa wa nne pia sikuutaja hata siku moja. Sasa wewe, kwa uzoefu wako wa vitanda na milango, ulijuaje? Na chini ya kochi la nani ulikuwa unatambaa?

Una boksi namba 407 mezani kwako. Kana, nikusikie.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikiwa nimekaa, nikaanza kufikiri, na kicheko kikaniishia.

Nimezichukua barua zako nikazipanga kando ya ile uliyoniandikia mwaka juzi. Mwaka juzi herufi zako zilikuwa kama mchele. Sasa ni kama maharage, na mistari inapanda kilima na kushuka. Simu iko kabatini kwa sababu vitufe ni vidogo. Kazi umezipunguza. Na patasi, mdogo wangu, patasi imeteleza. Tangu ulipojifunza kazi sijawahi kusikia chombo kinateleza mkononi mwako.

Macho yako yanaendaje? Swali ni moja, nataka jibu moja.

Dada yako


14 Mei

Dada, shikamoo.

Natumaini goti la shemeji linaendelea kuwa goti. Hapa wazima. Paa la karakana lilivuja mvua iliyopita, nimeliziba. Paka amezaa ndani ya sanduku la misumari. Tulimwekea kikapu akakikataa.

Haya, nakana vipi tena? Ninalo boksi. Nilinunua ili nikuelekeze kwa uhakika, maana fundi hasemi asichokijua. Nilidhani wiki moja. Huu mwezi wa tatu. Dada, mimi nimezoea mbao inayonijibu nikiipiga. Hizi ukizishika kwa nguvu zinakatika, ukizishika polepole zinaanguka, na zikianguka ndiyo basi. Nilijenga kibiongo kwa sababu ya ule mshale, nikabomoa, nikaanza upya. Nimetukana matusi ambayo sikuyatumia hata siku kabati lilipomwangukia mteja.

Lakini imekamilika! Njoo uipapase ubavuni, ni laini kama yai, huwezi kujua ubao mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Na rangi nimeipaka mwenyewe: nyeusi, nyeusi kama mkaa, merikebu ya watu wenye heshima zao. Jirani aliiona akanyamaza kabisa. Nadhani ni wivu.

Kuhusu swali lako la mwisho, ningekujibu, ila karatasi imekwisha.

Mdogo wako

Wifi, karatasi haijaisha, ndiyo maana nami nimepata mahali pa kuandika. Yeye hajui, nimetumwa kubandika bahasha tu, na hata nikimwekea mstari huu mbele ya pua hatausoma. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, akisimama dirishani ninauona weupe wake. Mwaka sasa. Barua zako namsomea mimi. Amewafukuza wateja wawili kwa visingizio, na mlango wa mwisho aliotengeneza ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu. Mwenye nyumba alidhani ni mtindo. Hospitali hataki kusikia. Anasema ataingia akiwa amebebwa. Merikebu kaijenga kwa vidole, wifi, nilikuwa namtazama, kisha naenda jikoni kulia. Na rangi si nyeusi. Ni zambarau. Alichagua kopo mwenyewe dukani. Muuzaji akanitazama, nami nikamtazama muuzaji. Usinichongee.


20 Mei

(Wifi, hili ulisome kimya. Kila nilichoweka ndani ya mabano, kama hapa, kiruke. Ukihitaji muda, kohoa.)

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa paa. Huku wote wazima. Sufuria imebaki moja. Naificha chini ya kitanda siku za Jumapili.

Nimefurahi umekiri. (Na wewe wifi nakushukuru. Nimesoma maneno yako mara tatu. Sikukuchongea na sitakuchongea.) Yale ya karatasi kuisha nimeyaelewa, karatasi siku hizi ni fupi. Sitauliza tena.

Ila huwezi kunitambia ubavu laini kama yai na mimi nikakaa kimya. Yangu nayo imekamilika, matanga yamesimama, kamba zote zimefungwa, na ule upindaji umebaki kidogo tu, unaipa mwendo. Kwa hiyo tushindane. Njooni wewe na wifi tarehe kumi na nne mwezi ujao, mje na merikebu. Mshindi atamwamuru mwenzake kwa wiki nzima, jambo lolote, bila ubishi. Unakubali, au fundi wa miaka ishirini na nane anamwogopa mkunga? (Nikishinda, na nitashinda, maana merikebu yake ni zambarau, amri ya kwanza ni upasuaji.)

Hakimu hatakuwa shemeji yako, maana utasema ameogopa kunyimwa chakula. Nimepata bwana mmoja mtaalamu hasa. Kazi yake kutwa ni kutazama vitu vidogo kwa makini, hakuna kasoro inayompita. Nimemsimulia habari zako, na anatamani sana kukuona. (Ni daktari wa macho wa hospitali yetu. Nilimpokea kwa mikono hii, alizaliwa akitanguliza miguu, akanitesa usiku kucha. Nikimwomba nafasi hawezi kusema hana.)

Jiandaeni. Merikebu ifungwe kwenye blanketi, isivunjike njiani. (Na isionekane na abiria wengine, isije ikatoa siri.)

Dada yako


6 Julai

Dada,

Shikamoo yako iko mwishoni mwa barua, leo nimekasirika.

Umeona mwandiko? Nimeandika mwenyewe, kwa jicho moja, na mistari imelala kama ubao uliopigwa randa. Hapa wazima. Tulifika salama. Paka na wanawe wamehamia kwenye kiti changu, na sasa nawaona kuwa ni wanne. Nilikuwa nahesabu watatu.

Nilipoondoka kwako sikukueleza yaliyotokea mle ndani kwa hakimu wako, kwa sababu kila nilipofungua mdomo nilitaka kukufokea, na mtu hamfokei dada yake mbele ya mumewe. Sasa niko mbali, nitakueleza.

Nilishuka kwenye gari nimepakata merikebu yangu ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Ukanishika mkono, "Hakimu yuko ghorofa ya kwanza." Kwenye ngazi nikasikia harufu ya dawa. Nikasema, dada, hakimu huyu anafanyia kazi wapi? Ukasema, "Jengo limejengwa karibu na hospitali." Karibu! Tulikuwa tumboni mwake! Halafu huyo hakimu akakufungia wewe nje, akasema ukiwa ndani utamwelekeza kazi. Hilo peke yake lilinifanya nimpende.

Nilimwambia, "Daktari, samahani, nimedanganywa, naomba unielekeze mlango wa kutokea." Akasema, "Mlango ni nyuma yako. Lakini mama ameniita kuwa hakimu, acha kwanza nifanye kazi yangu." Akaweka merikebu zote mbili mezani, yangu na yako. Akazima taa, dada. Akasema amefumba macho, akazipapasa moja moja, polepole, kama anayemkagua mgonjwa. Akasema, "Hii ya kulia imepinda."

Nikasema, "Hiyo ni ya dada yangu."

"Hii nyingine sijawahi kugusa kitu laini hivi. Kwa mkono, umeshinda." Akawasha taa. "Kwa macho sitasema mimi. Niambie wewe, merikebu yako ni ya rangi gani?"

Nikasema, "Nyeusi."

Nikasikia muuguzi wake anakohoa kile kikohozi cha mtu anayebana kicheko. Wifi yako alikuwa anakohoa hivyo hivyo aliponisomea ile barua yako, nikadhani ana mafua.

Nikauliza, "Si nyeusi?"

"Keti," akasema.

Nikaketi. Sijui nini kilinipata. Yale ambayo sikumwambia mke wangu, na wewe sikukuambia, nikamwambia mtu ambaye, nilivyokuja kuambiwa, alizaliwa akitanguliza miguu. Nilimwambia siogopi kisu. Naogopa siku ya kufungua bendeji. Maana nikikaa nyumbani bila kutibiwa, mimi ni fundi mwenye macho mabaya kidogo, kesho huenda yakawa mazuri. Wakinipasua ikashindikana, basi nimekwisha, mimi si fundi tena, na hakuna kesho ya kuisingizia. Ndiyo maana nilinunua lile boksi. Nilitaka kujua kama vidole peke yake vitaniweka kazini. Nilikuwa najaribu kuzoea.

Hakunibembeleza. Alisema anafanya macho kama yangu matano kwa siku, na kwamba hawezi kuniapia, kama mimi nisivyoweza kuapa kuhusu ubao ambao sijaupasua. Nikaona huyo anaongea kama fundi. Nikamwambia, basi anza na la kulia.

Yaliyofuata unayajua. Ulikuwepo asubuhi bendeji ilipotolewa. Mlisimama mmejipanga wote watatu kama watu wa kwaya, na merikebu yangu iko mezani. Nikaiona. Zambarau! Milingoti imelala mmoja huku mmoja kule kama jamaa wawili wamegombana. Gundi imening'inia kila pembe kama makamasi. Shemeji akakimbilia chooni, tukamsikia akicheka humo ndani mpaka maji yakafunguliwa kumficha. Jirani yangu hakuwa na wivu, dada. Alikuwa anaomboleza.

Sasa la mwisho, na hili nimelihifadhi. Daktari wako wakati ananitia matone aliniongelesha. Nikamwambia, mlimpa dada yangu zawadi nzuri siku ya kuagwa. Akasema, "Zawadi ya kuagwa ilikuwa saa ya ukutani. Merikebu alipewa mwisho wa Januari, getini. Alikuwa bado anakuja kila asubuhi saa moja, na sare amevaa. Wauguzi wapya hawakuwa na moyo wa kumfukuza, wakachanga wakanunua kitu kinachochukua muda mrefu."

Nilishinda, kwa mkono. Kwa hiyo nina wiki moja ya kukuamuru. Amri yangu ni hii: mwezi wa nane utakuja kukaa karakana kwangu, nikufundishe kunyoosha ndizi.

Shikamoo.

Mdogo wako


16 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma jikoni nimesimama, kisha nikatafuta kiti.

Tu wazima. Mpwa wako alikuja na sufuria zote, eti mchumba wake amemwambia zina harufu ya nyumba ya mtu mwingine. Sasa sina pa kuziweka.

Huyo daktari nitamwonesha. Nilipompokea alipiga kelele zaidi ya watoto wote wa wiki ile, na naona hajaacha.

Ni kweli. Nilikwenda siku kumi na tisa. Nilikuwa namuaga shemeji yako kwamba naenda sokoni, na nilikuwa navaa sare ndani ya koti. Siku ya kwanza nilisema nimesahau kalamu. Siku ya pili niliwaonesha jinsi ya kumshika mama aliyekuwa akiogopa, wakanishukuru, basi nikaona nina kazi bado. Siku ya kumi na tisa yule muuguzi mkuu mpya alinipokea getini na lile boksi. Ni msichana mpole. Alisema, "Mama, ukiimaliza hii, utuletee tuione." Nilijua maana yake kabla hajamaliza kusema. Nimewapokea akina mama wangapi waliokuja mapema, nikawaambia rudi nyumbani kwanza, muda wako bado? Nilikuwa nasema hivyo kwa sauti ile ile ya huyo msichana.

Sikukuandikia hayo kwa sababu niliona aibu. Pia kwa sababu wewe ungecheka, na kucheka kwako nilikuwa bado sikuwezi.

Merikebu nimewapelekea juzi. Nimeingia kwa mlango wa wageni, sina sare. Wameiweka mapokezi, juu ya kabati la kadi. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kuitwa aliikodolea macho, akasema, "Hii mbona imepinda?" Nikamwambia ni ya mwanafunzi.

Amri nimeipokea. Tarehe mbili niko kwako. Natoka na boksi jipya, milingoti mitatu, njiti mia sita na zaidi. Nimezihesabu nyeusi, zimetimia. Shemeji yako atabaki na meza yake, alinisaidia kufunga mizigo kwa haraka ambayo sijaipenda.

Dada yako


27 Julai

Dada, shikamoo.

Chumba kiko tayari. Nimekutengenezea benchi lako karibu na dirisha, urefu wake nimeupima kwa futi kamba na kusoma namba mwenyewe. Yule mwenye mlango mfupi nimekwenda kwake, nikauona, nikauvua siku hiyo hiyo na kumpa mwingine. Akasikitika, anasema ule wa kwanza ulikuwa unaingiza hewa. Jicho la kushoto ni mwezi wa tisa.

Nikueleze jambo moja, halafu nifunge, maana lingine lolote tutaongea ukifika.

Tangu nirudi nimekuwa kama mtu aliyeibiwa vitu vyake na kurudishiwa vyote kwa siku moja. Nilitazama mbao, nikatazama nyuzi za mbao. Nilitazama misumari, vumbi kwenye mwanga, kucha zangu. Nilibandua gundi yote kwenye ile merikebu kwa kisu, punje kwa punje, siku nne. Wifi yako alikuwa anapita, ananiwekea chai, anaondoka.

Jana asubuhi alikaa mbele yangu kuchambua mchele. Jua lilikuwa nyuma yake. Nikainua kichwa kutafuta msasa, nikamwona. Ana mvi hapa mbele, shungi zima, jeupe. Mimi mke wangu ninayemjua hakuwa nazo.

Nikamwuliza, "Hizi zilianza lini?"

Hakuinua macho. Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. Akasema, "Nilikuwa nangoja uniulize. Hii wiki ya tatu unatazama merikebu."

Nikaweka kisu chini. Dada, nilikaa pale nikamtazama mpaka akaona haya, akanitupia punje za mchele, akaniambia niende kazini. Sikwenda.

Mdogo wako